KUBADILISHA VIZIBO VYA MENO: NI DAWA AU NI PAMBO?



Katika darasa letu alisimama kijana mmoja akauliza suali ambalo tumeona si haki jawabu lake libaki barazani peke yake.

Suali: Mke wangu ni mja mzito wa miezi mitano, na ana meno manne yaliyozibwa kwa madini tangu usichana wake. Hayamuumi. Jirani amemwambia kwamba ndani ya madini yale mna zebaki, na zebaki ni sumu, basi avitoe vizibo vyote upesi atiwe vile vyeupe vinavyofanana na meno. Bangili zake mbili za harusi zimekwisha pelekwa kwa sonara kupimwa. Je, tufanye nini?

Jawabu: Jirani yule hakusema uongo, lakini hakusema yote. Kizibo cha madini, ambacho matabibu hukiita amalgamu, ni mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba; na zebaki peke yake hukaribia nusu ya uzito wake. Vikichanganywa huwa laini kama unga uliokandwa, kisha hukauka ndani ya jino vikawa vigumu. Watu wamekitumia tangu karne ya 19, kwani ni rahisi na hustahimili kutafuna kwa miaka mingi.

Ni kweli pia kwamba kizibo hiki hutoa mvuke mchache wa zebaki, khasa mtu anapotafuna au anaposaga meno usingizini. Lakini wengi hutishika kwa kukumbuka habari za Minamata, mji wa Japani, ambako mwaka 1956 yalijulikana maradhi yaliyolemaza watu wazima na watoto matumboni mwa mama zao. Zebaki ile ilikuwa ya namna nyingine: kiwanda kiliimwaga baharini, ikaingia katika samaki, na watu wakawala samaki wale.

Mwaka 2020, idara ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya matibabu ilitoa nasaha mbili, na watu wameshika moja wakaiacha ya pili. Ya kwanza, waja wazito, wanyonyeshao, watoto wadogo na wenye maradhi ya figo wasitiwe vizibo vipya vya amalgamu ikiwezekana kutumia vingine. Ya pili, kizibo cha zamani kilicho kizima kisitolewe, illa pawe na haja ya matibabu. Sababu zake ni wazi. Kukichimba kwa mashine huzidisha mvuke wa zebaki kwa muda ule, na kila kinapotolewa hukwanguliwa pamoja nacho sehemu ya jino lililo zima, ambayo haioti tena.

Huenda mtu akauliza: mbona basi mataifa yaliyokutana Geneva mwezi wa Novemba 2025 yalikubaliana kuacha amalgamu ifikapo mwaka 2034? Twajibu kwamba lengo kubwa ni kupunguza zebaki inayotupwa ikafika majini na kwa samaki. Makubaliano hayo hayakumwamrisha mtu kung'oa kizibo kilichomo kinywani mwake.

Ama kizibo cheupe, hicho ni namna ya plastiki iliyochanganywa na unga wa kioo. Jino hupakwa asidi kidogo ili kishike, kisha hutiwa tabaka kwa tabaka na kukaushwa kwa mwangaza wa buluu. Uzuri wake ni kuwa hakihitaji kuchimba jino sana. Lakini hutaka mahali pakavu, mkono wa fundi hodari na gharama zaidi. Na katika tundu kubwa la gego mara nyingi huharibika mapema kuliko cha madini, jino likaanza kuoza pembezoni mwake.

Basi lini kibadilishwe? Kikivunjika, kikipasuka, kingo zake zikiachana na jino, au jino likioza chini yake. Hapo cheupe ni badali njema. Na mja mzito mwenye maumivu asingoje kujifungua. Aende kwa tabibu wa meno na amwarifu hali yake, kwani matibabu ya jino bovu hayakukatazwa kwa mimba.

Wengine wana wasiwasi wa josho la janaba, kwamba maji hayafiki chini ya kizibo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kusukutua ni sunna, na kizibo cha matibabu hakiharibu josho, kiwe cha madini au cheupe.

Na tukumbuke kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad. Alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha, ikanuka. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume kuwa pambo. Aliibadilisha ile ya kwanza kwa kuwa imemdhuru, wala hakuibadilisha kwa kuwa majirani wameisema.

Kwa hivyo, ewe ndugu yetu, mpeleke mkeo kwa tabibu wa meno avitazame vizibo vyake. Akisema ni vizima, viacheni, na bangili zirejee sandukuni. Mtoto anakuja, na mahitaji yake ni mengi.