Kutoa fedha za tuzo kwa chuo kikuu

Swali: Mshindi wa tuzo nchini Marekani akikitolea chuo kikuu fedha zake zote, bado atadaiwa kodi?

Jibu: Tangu sheria ya kodi ya 1986, fedha za tuzo, hata ya Nobel, ni kipato kinachotozwa kodi. Msamaha hupatikana iwapo tuzo ni ya mafanikio kama ya sayansi, elimu au fasihi, mshindi hakuiomba wala hapaswi kuifanyia kazi kubwa baadaye, na mtoaji anazipeleka fedha chuoni moja kwa moja kwa maelekezo ya mshindi. Akiiweka hundi benki kwanza, zote huhesabiwa kipato chake. Akizitoa chuoni baadaye, hubaki tu na punguzo la mchango katika kipato kinachotozwa kodi, lenye ukomo. Mwenye msamaha hadai punguzo hilo tena.