Historia ya Kichocho: Kutoka Cairo hadi Ufukwe wa Nassa

Nassa, mkoani Simiyu, iko kando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria. Ziwani humo watu huvua, huchota maji, hufua na kuoga. Humo humo pia huambukizwa kichocho.

Mwaka 1851, daktari Mjerumani Theodor Bilharz, aliyefanya kazi Cairo, Misri, aliona minyoo ndani ya mshipa wa damu wa maiti aliyokuwa akiichunguza. Kisababishi kikajulikana, lakini njia ya maambukizi ikabaki fumbo kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1913, Keinosuke Miyairi na Suzuki wa Japani walithibitisha kwamba kimelea cha kichocho cha nchini mwao hukua kwanza ndani ya konokono. Mwaka 1915, Mwingereza Robert Leiper alithibitisha jambo hilo nchini Misri, akabainisha aina mbili za kichocho, kila moja na konokono wake.

Ugunduzi huo unafafanua hali ya Kanda ya Ziwa. Ufukweni huenea zaidi kichocho cha tumbo, kinachodhuru utumbo, ini na wengu. Mbali na ziwa, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, huenea kichocho cha mkojo. Mayai hufika majini kwa kinyesi au mkojo, huanguliwa, na mabuu huingia katika konokono. Baada ya wiki kadhaa mabuu mapya hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini.

Prazikwanteli, dawa iliyogunduliwa miaka ya 1970, huua minyoo iliyokomaa, si michanga, wala haizuii maambukizi mapya. Kwa hiyo tiba hurudiwa, na choo hubaki kinga ya lazima.

Mhudumu wa afya azingatie pia wanawake. Mayai ya kichocho cha mkojo hukwama katika shingo ya kizazi na kuleta maumivu, uchafu na damu, dalili zinazofanana na za magonjwa ya ngono. Mgonjwa akitibiwa magonjwa hayo pekee, hubaki na kichocho chake, na huenda akatuhumiwa uzinzi asioutenda. Swali moja laweza kumwepusha na yote mawili: je, maji ya kuoga, kufulia na kulimia huyapata wapi?