Ute wa Manjano Juu ya Gogo: Jinsi ya Kuutambua

Mvua za Novemba hadi Aprili zikishika Lilongwe na Dowa, nchini Malawi, magogo yaliyooza na marundo ya majani hutokwa na kitu cha manjano kama yai lililovurugwa. Ukikikuta bustanini, usiharakishe kukichoma. Si ugonjwa wa mimea, wala si uyoga. Ni kuvu-ute, kiumbe aliye karibu zaidi na amiba, anayetambaa polepole akimeza bakteria. Huyu wa manjano huitwa Fuligo septica.

Kumpima ni rahisi. Jioni chomeka kijiti ukingoni mwa ute, kesho asubuhi urudi. Uyoga haungesogea, ute mbichi mara nyingi utakuwa umekipita kijiti. Ila usichelewe, kwani baada ya siku moja au mbili hukauka ukawa gamba lenye vumbi jeusi la chembe za uzazi (spora). Vumbi hilo usilivute puani, hasa ukiwa na pumu.

Chunguza pia vidonge vya waridi, vikubwa kidogo kuliko punje ya mtama, juu ya mti uliooza. Ukikibinya kimoja kikatoa uji wa waridi, huyo ni Lycogala, kuvu-ute mwingine. Vishada vya nywele za kahawia juu ya vikonyo vyeusi ni Stemonitis.

Jijini Lilongwe, anzia kwenye kivuli cha hifadhi iliyo kando ya mto Lingadzi. Huko Dowa, katika Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 na sasa ina watu zaidi ya 50,000, gogo la kuachwa lioze ni nadra. Kila ukuni una kazi jikoni. Hapo gome linatosha, na kwangu hii ndiyo njia bora kwa watoto wa shule. Bandua vipande vya gome kavu la nje la mwembe bila kuujeruhi mti. Vipange juu ya karatasi ndani ya bakuli, mimina maji safi yavifunike, kesho yake umwage yaliyozidi. Funika, weka kivulini, kisha angalia kila siku kwa wiki kadhaa. Kuvu-ute wengi watakaojitokeza hawafiki milimita 2, kwa hiyo tafuta lenzi ya mkononi.

Kielelezo kikavu kigundishe ndani ya kiberiti kitupu, uandike tarehe, mahali na aina ya mti. Bila maandishi hayo, mtafiti hawezi kukitumia.