Mtoto Msumbufu Uwanjani: Tumfukuze au Tumlee?



Ndugu wasomaji, kila Jumamosi baada ya darsa ya asubuhi, mimi na wenzangu wawili huwafundisha soka watoto wa madrasa moja hapa Mbale. Ni watoto 24, wa miaka 6 hadi 9. Wengi wenu mtaombwa kazi kama hii, hapa au nyumbani wakati wa likizo. Kwa hiyo naandika nililojifunza, nikianza na kosa langu.

Muhula uliopita tulikuwa na mtoto wa miaka 7. Nikipanga koni, anazipiga teke. Nikieleza zoezi, anamvuta mwenzake shati. Siku moja aliupiga mpira kwa makusudi, ukamgonga mdogo wake usoni. Nikamfokea mbele ya wote: "Toka! Nenda kwenu, usirudi tena!" Kwa hasira zangu, hata yule aliyegongwa sikumwangalia.

Wiki iliyofuata ustadhi wa madrasa akaniuliza, "Sheikh, yule mtoto umemfanya nini? Hata darsa haji." Nilidhani nimemtoa uwanjani, kumbe nimemtoa kwenye Qur'ani.

Hadithi mbili nilizokuwa nazijua

Lililonitia haya zaidi ni kwamba hadithi hizi nilishazihifadhi kwa ajili ya mtihani.

Ya kwanza, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ni ya Umar bin Abi Salama (r.a.), aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Alipokuwa mtoto, mkono wake ulikuwa ukizunguka ovyo sahanini. Mtume hakumwondoa kwenye chakula. Alimwelekeza mambo matatu: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Yote matatu ni mambo ya kufanya. Umar anasema tangu hapo huo ndio ukawa ulaji wake.

Ya pili, iliyopokewa na Muslim, ni ya Anas bin Malik (r.a.). Alitumwa na Mtume, akapita kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mtume akamjia kwa nyuma, akamshika kisogo. Anas alipogeuka alimkuta anacheka. Akamwita kwa jina la mapenzi, Unays, na kumuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kwamba anakwenda.

Katika hadithi zote mbili mtoto amerekebishwa, hakuachwa tu. Upole si kufumbia macho kosa.

Tufanye nini uwanjani?

1. *Lichunguze zoezi kwanza.* Nilikuwa nawapanga watoto wote foleni moja, mpira mmoja. Mtoto wa miaka 7 ukimsimamisha bila kazi, atajitafutia yake. Sasa tuna vikundi vitatu vya watoto wanane, kila kimoja na mwalimu wake. Mipira isipotosha, tunatumia ya kufunga kwa majani makavu ya mgomba. Zogo limepungua sana.

2. *Taja la kufanya.* Badala ya "Acha ujinga!", sema "Weka mguu juu ya mpira." Maelekezo yasizidi matatu, na yawe mafupi.

3. *Msogelee.* Usipige kelele kutoka upande wa pili wa uwanja. Nenda, chuchumaa, mwite kwa jina lake, sema naye kwa sauti ya chini. Aibu ya mbele ya wenzake humfanya mtoto awe mkaidi zaidi.

4. *Mpe amana.* Anayepiga koni teke, mkabidhi koni azipange.

5. *Akiumiza mwenzake, msimamishe hapo hapo.* Mhudumie kwanza aliyeumia. Kisha mkosaji akae karibu nawe dakika mbili tatu, aombe radhi, aseme atakachofanya, arudi mchezoni. Usimwadhibu kwa kumkimbiza kuzunguka uwanja, atachukia mazoezi yenyewe. Wala usiwaadhibu wote kwa kosa la mmoja.

Kumrudisha

Nilikwenda kwao na ustadhi baada ya Alasiri. Mtoto alijificha nyuma ya bibi yake. Nikamsalimu bibi, nikamweleza kosa langu bila kujitetea. Kisha nikachuchumaa, nikamwita mtoto kwa jina na kumwomba radhi. Alinyamaza kwa muda, halafu akauliza, "Koni bado zipo?"

Jumamosi ile alizibeba yeye. Sitawadanganya, siku nyingine bado anazipiga teke. Lakini darsa anakuja, na wiki iliyopita ustadhi aliniambia amefika Suratul-Fiil.

Ndugu zangu, kabla ya kumwambia mtoto "toka", tujiulize akitoka hapa atakwenda wapi. Allah atupe subira ya kulea na atusamehe tuliowavunja moyo. Wabillahi tawfiq.