Gharama ya Kubadili Kazi: Somo kwa Makatibu na Makarani wa Mizani



Siku ya manunuzi karani mmoja huwa na kazi nne mkononi. Husoma mizani, huandika stakabadhi, hufungua daftari la madeni ya pembejeo, na papo hapo humjibu mkulima anayeuliza malipo yatatoka lini. Jua linapotua hesabu haiwiani na mzigo uliomo ghalani. Kamati hukutana, na neno la kwanza kusikika ni wizi. Pengine ni kweli. Lakini kipo chanzo kingine ambacho hakizungumzwi sana mikutanoni, nacho ni jinsi ubongo wa binadamu unavyohama kutoka kazi moja hadi nyingine.

Wengi hudhani kwamba mtu hodari aweza kufanya kazi mbili za kufikiri kwa wakati mmoja. Kwa kawaida afanyacho ni kuiacha moja na kuishika nyingine upesi upesi, na kila abadilipo hutozwa ushuru wa muda na wa makosa. Ushuru huo ulipimwa zamani. Mwaka 1927 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Arthur Jersild, alichapisha majaribio ambamo watu walipewa orodha za namba. Katika orodha moja walifanya hesabu ya aina moja tu mpaka mwisho. Katika nyingine walipokezana, namba hii kuongeza, inayofuata kutoa. Katika orodha ya kupokezana walichelewa zaidi. Lakini Jersild alipochanganya namba za kutoa na maneno ya kutafutiwa kinyume chake, ucheleweshaji ule haukuonekana. Neno likitazamwa hujieleza lenyewe lataka kufanyiwa nini, namba haijielezi. Mwaka 1976 watafiti Spector na Biederman walirudia jambo hilo, wakaona kuwa alama ya kujumlisha au ya kutoa ikiandikwa kando ya kila namba, ucheleweshaji hupungua sana.

Basi hatari kubwa haiko katika wingi wa kazi peke yake. Iko pale ambapo kazi mbili zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa kanuni.

Kanuni ya kazi iliyopo hushikwa hasa na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo ni kama mwenyekiti wa mkutano: haihutubii, bali huamua nani apewe nafasi ya kusema na nani anyamaze. Husaidiwa na mafungu ya seli yaliyo ndani kabisa ya ubongo, na kemikali iitwayo dopamini inahusika katika kushika kanuni na kuiachia. Ndiyo maana wagonjwa wa Parkinson, ambao seli zao za kutengeneza dopamini hufa, mara nyingi hupata taabu ya kubadili kazi.

Mwaka 1963 Brenda Milner wa Montreal, Kanada, alieleza habari za wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamekatwa kipande cha sehemu hiyo ya mbele kama tiba. Aliwapa kadi wazipange, bila kuambiwa ni kwa rangi, kwa umbo au kwa idadi ya michoro. Waliambiwa tu "sawa" au "si sawa". Kanuni ilipobadilishwa kimya kimya, waliendelea kupanga kwa ile ya zamani, wakisikia "si sawa" mara kwa mara. Kanuni ya kwanza waliweza kuishika. Kuiachia ndiko kulikowashinda.

Kwetu sisi wenye afya, kanuni ya zamani nayo haiondoki mara moja. Mwaka 1995 Rogers na Monsell wa Uingereza walionyesha kwamba hata mtu akipewa nafasi ya kujiandaa, ucheleweshaji hupungua lakini hauishi. Kwa hiyo kumwambia karani "uwe makini" ni agizo lisilotosha.

Mimi mwenyewe niliwahi kushika mizani katika chama kimoja cha pamba. Tulikuwa tukipima safi na fifi kwa kufuata foleni, zote katika kitabu kimoja, kilo zile zile, bei mbili. Mzee mmoja alileta fifi. Aliyemfuata alikuwa mama mwenye mizigo miwili ya safi. Mtu akaniuliza habari za deni lake la dawa, nikamjibu, nikarudi kuandika. Nikaandika safi ya yule mama katika safu ya fifi. Hakujua kusoma, akaweka dole gumba akaenda zake. Kosa lilionekana tulipolinganisha kitabu na ghala, na tofauti alilipwa. Msimu uliofuata alikuja na mwanawe wa darasa la sita, akamsimamisha kando ya mizani asome kila nilichoandika. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo tulipima safi yote kwanza, kisha fifi, kila moja na kitabu chake chenye jalada la rangi yake. Wenye maswali ya madeni waliwekewa meza nyingine. Karani alitamka kwa sauti daraja na uzito kabla ya kuandika, na kutamka huko si mbwembwe: uchunguzi wa Emerson na Miyake wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mtu akizuiwa kujisemea moyoni, kubadili kazi humlemea zaidi, hasa pasipo alama ya kumkumbusha. Simu ya mkononi, ambayo wakati wetu haikuwapo, ikae mezani kwa katibu mpaka foleni iishe.

Msiyakubali haya kwa maneno matupu. Kamati na iandike namba 20 za tarakimu mbili, inakili orodha hiyo mara nne. Safari ya kwanza ongezeni 3 kwa kila namba. Ya pili toeni 3. Ya tatu pokezaneni bila alama yoyote. Ya nne pokezaneni tena, alama zikiwa zimeandikwa kando. Pimeni muda wa kila safari kwa saa, mhesabu na makosa. Mhasibu naye asisamehewe.