Breki Zinanuka Nikishuka Lushoto

Swali: Nikishuka kwa baiskeli kutoka Lushoto hadi Mombo, breki hunuka na kulegea. Nibadilishe raba?

Jibu: Zikague, ila nashuku unazibana njia nzima. Barabara hiyo, kama kilomita 33, inashuka karibu mita 1,000. Rimu lazima ipate moto. Bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa ipoe. Tumia breki zote mbili: ya mbele ndiyo yenye nguvu, basi sogeza makalio nyuma. Ukifika Soni njiani, pumzika, ule tunda, na usiiguse rimu!

Njia za vumbi za kutoka Lushoto kwenda kijiji cha Mtae nazo zina mambo yake. Masika, udongo mwekundu huganda hadi tairi ligome kuzunguka. Na vijijini punguza mwendo mapema. Watoto hukimbilia baiskeli wakishangilia.