Toleo Jipya na Bei ya Toleo la Zamani: Somo kutoka Soko la Motokaa za Michezo

Motokaa iliyoegeshwa bandani, ikafunikwa turubai na isitembezwe hata kilomita moja, huweza kupoteza sehemu ya thamani yake kwa siku moja tu. Siku hiyo hakuna chuma kilichoshika kutu wala mpira uliochakaa. Kilichotokea ni kwamba kiwanda kilichoiunda kimetangaza toleo jipya. Hata hivyo, yamekuwako pia matukio ambayo tangazo la namna hiyohiyo hatimaye liliipandisha bei ya toleo la zamani. Somo hili linachunguza kwa nini sababu moja huzaa matokeo mawili yanayopingana.

Motokaa za michezo, yaani zile zinazoundwa kwanza kwa ajili ya mwendo wa kasi na raha ya dereva, zinafaa sana kwa uchunguzi huu. Mnunuzi wake hasukumwi na haja ya kubeba mizigo au kufika kazini. Yeye hulinganisha sifa moja moja: uzito, injini, giaboksi, hata mlio. Kwa hiyo ni rahisi kuona ni sifa ipi iliyobadilika katika toleo jipya, na bei ikaitikiaje.

1. Kuchakaa na kupitwa na wakati

Thamani ya chombo hupungua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchakaa: vyuma husuguana, rangi hufifia, viti huchanika. Ya pili ni kupitwa na wakati: chombo ni kizima, lakini kimetokea kingine kinachofanya kazi ileile vizuri zaidi au kwa gharama ndogo zaidi.

Kuchakaa huweza kukadiriwa kwa hesabu ya asilimia. Ikiwa B ni bei ya chombo kilipokuwa kipya, u ni kiasi kinachopungua kila mwaka, na m ni idadi ya miaka, basi:

Thamani = B × (1 – u)^m

Tuseme motokaa ilinunuliwa kwa dola 60,000, na kila mwaka hupoteza asilimia 15 ya thamani iliyobaki. Baada ya mwaka mmoja itakuwa na thamani ya dola 51,000. Baada ya miwili, 43,350. Baada ya mitatu, takriban 36,850. Mchoro wa hesabu hii ni mstari uliopinda, unaoshuka kwa haraka mwanzoni na polepole baadaye.

Athari ya toleo jipya haimo katika hesabu hiyo. Yafaa iongezwe kama kizidisho kimoja, k:

Thamani = B × (1 – u)^m × k

Iwapo k ni 0.9, motokaa ya dola 36,850 itashuka mara moja hadi takriban 33,165. Iwapo k ni 1.1, itapanda hadi takriban 40,535. Swali la somo hili, basi, ni hili: ni mambo gani yanayoamua kama k itakuwa chini ya 1 au juu yake?

2. Mnada wa watu kumi

Ili kujibu swali hilo, ufikiriwe mnada mdogo. Wanunuzi kumi wanataka motokaa ya toleo la zamani. Wa kwanza yu tayari kulipa hadi dola 50,000, wa pili 49,000, na kadhalika hadi wa kumi ambaye kikomo chake ni 41,000. Kila muuzaji atakubali bei yoyote isiyopungua dola 40,000. Motokaa zilizoletwa sokoni ni nne.

Motokaa hizo zitachukuliwa na wanunuzi wanne wa juu. Bei itakuwa kati ya dola 46,000, ambapo mnunuzi wa tano anajitoa, na dola 47,000, ambacho ndicho kikomo cha mnunuzi wa nne.

Sasa kiwanda kinatoa toleo jipya lililo bora kwa kila hali. Mambo mawili yatatokea kwa wakati mmoja. Kwanza, wanunuzi watatu wa juu, wenye fedha nyingi zaidi, wanaondoka kwenda kununua jipya. Pili, wenye motokaa watatu wengine, wakitaka nao kupata jipya, wanaleta zao za zamani sokoni. Motokaa sasa ni saba, na wanunuzi waliobaki ni saba. Ili zote ziuzwe, bei haina budi kumfikia mnunuzi wa mwisho. Itakuwa kati ya dola 40,000 na 41,000. Bei imeanguka kwa takriban dola 6,000, na hakuna hata msumari mmoja uliolegea ndani ya motokaa hizo.

Ufikiriwe pia mwelekeo wa kinyume. Toleo jipya limekosa sifa ambayo wapenzi wa lile la zamani waliithamini. Wanunuzi wawili waliokuwa wakingoja jipya wanavunjika moyo na kurudi kwenye mnada, mmoja akiwa na dola 52,000 na mwingine 51,000. Muuzaji mmoja anaghairi na kuiweka motokaa yake. Kwa motokaa tatu na wanunuzi kumi na wawili, bei itakuwa kati ya dola 49,000 na 50,000.

Mfano huu unaonyesha kwamba k haitegemei upya wa toleo jipya peke yake. Inategemea kama jipya ni badala halisi ya la zamani machoni pa wale wanaolitaka la zamani.

3. Mfano wa kwanza: badala iliyofika

Porsche 911, inayoundwa Ujerumani, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963. Katika Afrika ya Mashariki ilijulikana kwa mashindano ya Safari Rally, ambamo ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 ikiendeshwa na Björn Waldegård, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Vic Preston mdogo. Kwa kuwa jina la 911 limedumu huku matoleo yakibadilika mara kwa mara, motokaa hii ni kama maabara ya kupimia suala lililo mbele yetu.

Mwezi Machi 2016, mjini Geneva, ilitangazwa 911 R. Ilikuwa na injini ya lita 4.0 yenye nguvu farasi 500, isiyotumia turbo. Gia sita za kubadilishwa kwa mkono. Na uzito wa kilo 1,370, kwa kuwa paa lake lilikuwa la magnesi na boneti yake ya nyuzi za kaboni. Ziliundwa 991 tu. Bei yake ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa dola 184,900. Wakati huo 911 GT3, ndugu yake wa karibu, haikupatikana kwa gia za mkono. Aliyezitaka sifa hizo zote pamoja hakuwa na njia nyingine ila 911 R, na baada ya muda mfupi zilitangazwa kuuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kiwanda.

Mwezi Machi 2017 ilitangazwa GT3 mpya, yenye injini ya lita 4.0 na nguvu farasi 500, na mnunuzi aliweza tena kuchagua gia za mkono. Mwezi Septemba mwaka huohuo likafuata toleo lake liitwalo Touring: gia za mkono tu, bila bawa kubwa la nyuma, kwa umbo linalofanana sana na la 911 R. Uzito wake ulikuwa kilo 1,413. Bei yake ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa dola 143,600, na idadi yake haikuwekewa kikomo.

Tofauti ya bei za kiwanda ilikuwa dola 41,300, yaani takriban asilimia 22 ya bei ya 911 R. Tofauti ya uzito ilikuwa kilo 43. Mnunuzi aliyekuwa ameambiwa alipe maradufu kwa 911 R sasa alikuwa na swali la kuuliza: kilo 43 na nambari iliyoandikwa katika kibati vina thamani ya fedha kiasi gani? Bei za 911 R katika soko la mitumba zilishuka. Hata hivyo, hazikushuka hadi bei ya kiwanda, kwa sababu badala iliyofika haikuwa kamili. Wepesi ule haukupatikana katika Touring, na 991 zilibaki 991.

Kanuni inayotokana na mfano huu ni kwamba bei ya jipya hujenga dari juu ya bei ya la zamani. Kadiri motokaa hizo mbili zinavyofanana, ndivyo dari hiyo inavyokuwa chini.

4. Mfano wa pili: mlango uliofungwa

Tangu mwanzo, injini ya 911 ilipozwa kwa hewa na mafuta, bila rejeta ya maji. Mwezi Septemba 1997 lilionyeshwa toleo lenye namba ya ndani 996, ambalo injini yake ya lita 3.4, yenye nguvu farasi 300, ilipozwa kwa maji. Motokaa ya mwisho ya 911 iliyopozwa kwa hewa, ya toleo la 993, ilitoka kiwandani tarehe 31 Machi 1998.

Kwa vipimo vya uhandisi, 996 ilikuwa hatua mbele. Maji hubeba joto kuliko hewa, hivyo injini huweza kutoa nguvu zaidi na kutimiza kwa urahisi zaidi masharti ya moshi na kelele. Lakini wapenzi wengi wa 911 walikosa mlio wa injini ya zamani, na taa za mbele za 996, zilizofanana na za Boxster ambayo ni ya bei ndogo zaidi, hazikuwapendeza. Kadhalika, baadhi ya injini za 996 ziliharibika kwa sababu ya kuvunjika kwa beringi ya shafti ya kati.

Bei ya 993 haikupanda papo hapo. Kwa miaka kadhaa ilishuka kama ya motokaa yoyote iliyotumika. Lakini ugavi wake ulikuwa umefungwa, na kila ajali barabarani iliupunguza. Katika mwongo ulioanza mwaka 2010, bei za 911 zilizopozwa kwa hewa zilipanda sana, na 993 zilizotunzwa vizuri ziliuzwa kwa zaidi ya bei zake za kiwandani. Wakati huo 996, ijapokuwa mpya zaidi, ndiyo iliyokuwa miongoni mwa 911 za bei ndogo kabisa. Toleo jipya halikuleta badala ya 993; lilitangaza kwamba badala haitaletwa.

5. Tarajio na shaka

Bei huitikia habari kabla ya kuitikia chuma. Mnunuzi mwenye busara, akisikia mwezi Machi kwamba toleo bora litauzwa mwezi Septemba, hatangoja Septemba ndipo apunguze bei anayokubali kulipa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya anguko huonekana siku ya tangazo, na pengine siku ya uvumi.

Mwaka 1972 mwanauchumi Ronald Coase alieleza kwamba muuzaji wa bidhaa inayodumu hushindana na bidhaa atakayoiuza yeye mwenyewe kesho. Wanunuzi wakijua hivyo, wengine husubiri. Ahadi ya kuunda idadi maalumu ni njia moja ya kuwatoa wasiwasi. Lakini ahadi hiyo huhusu motokaa yenye jina fulani. Haimzuii mwenye kiwanda kuunda ndugu yake, kama ilivyotokea mwaka 2017.

Mwaka 1970 George Akerlof alionyesha tatizo jingine: muuzaji wa motokaa iliyotumika anazijua kasoro zake, mnunuzi hazijui. Mnunuzi asiyeweza kutenganisha nzima na mbovu hulipa bei ya wastani, na wenye nzima hukataa kuuza. Habari za beringi za 996 zilifanya kazi ya namna hiyo. Hata motokaa isiyo na kasoro ilikatwa bei kwa sababu ya shaka, isipokuwa mwenye nayo alipoweza kuonyesha hati za matengenezo.

6. Funzo kwa mnunuzi wa kawaida

Wasomaji wengi hawatanunua motokaa ya michezo, lakini kanuni ni zilezile. Magari mengi ya Kenya na Tanzania huletwa yakiwa yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Anayetumia akiba ya miaka mingi kununua gari la namna hiyo ananunua pia bei atakayoliuzia. Yampasa aulize kama toleo linalofuata limekwisha kuingia sokoni na linafanana nalo kwa kiasi gani. Kwa gari la kazi lipo swali la ziada: vipuri. Toleo la zamani ambalo mafundi wanalifahamu na vipuri vyake vimejaa madukani huweza kushikilia bei yake mbele ya toleo jipya lenye mitambo ambayo fundi wa karibu hajapata kuifungua.

Maswali na mazoezi

1. Motokaa iliyonunuliwa kwa dola 40,000 hupoteza asilimia 20 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kokotoa thamani yake baada ya miaka miwili, kisha baada ya toleo jipya kutokea ikiwa k ni 0.85. (Majibu: dola 25,600 na dola 21,760.)

2. Katika mnada wa sehemu ya 2, tuseme wanunuzi watatu wa juu wanaondoka lakini hakuna motokaa nyingine inayoletwa sokoni. Bei itakuwa kati ya kiasi gani na kiasi gani? (Jibu: dola 43,000 na 44,000.) Ni sehemu gani ya anguko la awali iliyotokana na wanunuzi kuondoka, na ipi iliyotokana na wauzaji kuongezeka?

3. Eleza kwa nini 911 R haikushuka hadi bei yake ya kiwandani baada ya mwaka 2017.

4. Chagueni kifaa kimoja kinachouzwa mtaani kwenu, kama vile pikipiki, cherehani au simu, chenye matoleo mawili. Kusanyeni bei za toleo la zamani kwa muda wa mwezi mmoja, kisha mjadili kama toleo jipya ni badala yake halisi.